Jina na Jiwe: Ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza katika Nchi ya Abagusii

Mnamo tarehe 12 Septemba 1914, majuma machache tu baada ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani, majeshi ya dola hizo mbili yalipambana Kisii. Wajerumani walikuwa wamekuja kwa upande wa Ziwa kupitia Karungu, wakaukalia mji ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuuhama. Kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR, kikawashambulia. Kapteni Thorneycroft aliyekiongoza akauawa. Kila upande ukapata hasara, na hatimaye Wajerumani wakarudi mpakani. Yafaa ikumbukwe kwamba wengi wa waliopigana siku ile, upande huu na upande ule, walikuwa Waafrika.

Jina la Thorneycroft limehifadhiwa katika vitabu vya historia ya vita hivyo. Askari wa kawaida waliokufa katika mapigano yale yale hutajwa kwa hesabu tu. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya. Makala yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa habari ya Vita Kuu ya Kwanza, ukumbusho wa jiwe ulimpa Mwafrika sanamu bila jina, na kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu iliyosalia imetunzwa na lugha.

Vita vya mwaka 1914 haviwezi kueleweka bila kutazama miaka iliyotangulia. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka jeshi katika nchi ya Abagusii, na bunduki ya maksimu ikaangamiza watu wengi waliokuwa na mikuki na ngao. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikaanzishwa mahali palipoitwa Getembe, chini ya ofisa kijana, G. A. S. Northcote. Januari 1908 Otenyo, aliyehamasishwa na nabii wa kike Moraa, alimchoma Northcote kwa mkuki. Northcote akapona. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni mjini London, akaihoji. Kwa mujibu wa masimulizi ya Abagusii, Otenyo alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Northcote kwa upande wake alipanda vyeo, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong.

Lugha ya Ekegusii ilimweka Northcote kumbukumbuni kwa namna yake. Jina lake likawa Nyarigoti: konsonanti zilizofuatana zikatenganishwa kwa irabu, neno likamalizikia kwa irabu, na mwanzo wake ukafanana na ule wa majina mengi ya eneo hilo yanayoanza kwa nya-. Kadhalika mji wenyewe ukapata jina la Bosongo, mahali pa Wazungu, kutokana na omosongo, neno lililo jamaa ya mzungu la Kiswahili. Hivyo kila anayesema anakwenda Bosongo hutamka, bila kukusudia, historia ya kuja kwa serikali ya kikoloni. Jina la Getembe nalo halikufa. Linakumbusha kwamba mahali hapo palikuwa na wenyewe kabla ya kituo kujengwa.

Waingereza walipouhama mji mwaka 1914, Abagusii wengi walidhani kwamba utawala wao umekwisha. Ofisi, maduka na misheni zikaporwa. Waingereza waliporudi, waliadhibu kwa silaha na kwa kutwaa ng'ombe. Baada ya hapo wakahitaji wanaume, na kwa wingi.

Wanaume hao walichukuliwa kuingia katika Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwaandikisha kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa uliosimamiwa na John Ainsworth, aliyekuwa amelitawala jimbo la Nyanza kwa miaka mingi. Wapagazi walibeba risasi na chakula hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Waliouawa na maradhi, hasa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi. Hesabu rasmi zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kwamba huenda vilikaribia 100,000. Aidha, mishahara ya marehemu wengi haikuwafikia jamaa zao, kwa hoja kwamba warithi hawakuweza kupatikana. Kupotea kwa jina kulikuwa pia kupotea kwa haki.

Baada ya vita, Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliamua kwamba Waafrika hao wakumbukwe kwa ujumla. Zikasimamishwa sanamu za shaba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi, iliyo katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina hilo halikuandikwa. Jiwe liliwaachia watoto kazi ambayo lenyewe lilikataa kuifanya.

Mwaka 2021, Tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri ukosefu huo wa usawa. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ukazinduliwa Cape Town ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya watumishi wa vita Waafrika. Hoja kwamba jambo hilo haliwezekani imejibiwa kwa vitendo.

Lugha, kwa upande wake, haikusubiri ripoti. Herufi K.A.R. zilipopita vinywani mwa wenyeji zikawa keya. Carrier Corps ikawa Kariakor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Walakini ukumbusho wa lugha una kasoro yake. Maneno hayo yanahifadhi kundi, wala hayamhifadhi mtu. Na maana ikisahauliwa, Kariakoo hubaki kuwa soko tu.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya wanaisimu na wanahistoria katika kaunti za Kisii na Nyamira haianzii kwa fundi wa mawe, ingawa mafundi hodari wapo karibu, huko Tabaka. Inaanzia katika koo na nasaba, ambako majina ya waliokwenda wasirudi yanaweza bado kutajwa na wazee. Majina hayo yaandikwe kwa tahajia ya Ekegusii, kama yalivyotamkwa na mama zao, wala si kama karani wa jeshi alivyoyasikia. Na orodha ya namna hiyo haitakuwa kamili iwapo itawataja waliokufa wakiitumikia dola ile na kuwaacha waliokufa, mwaka 1905 na 1908, wakiipinga. Kwani mara nyingi nyumba zilizowalilia zilikuwa za majirani, na lugha ya kilio ilikuwa moja.