Milima ya Usambara na Tufe la Dunia

Shule ya msingi ikibahatika kuwa na tufe la dunia, watoto hulizungusha kwa furaha, kisha humwuliza mwalimu maswali mawili. La kwanza: sisi tuko wapi? La pili: watu wa upande wa chini mbona hawaanguki? Kwa mtoto wa Lushoto maswali hayo yote mawili yana historia, na kwa maoni yangu historia hiyo ndiyo inayokosekana darasani.

Tuanze na la kwanza. Kwenye tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, safu nzima ya Usambara, Magharibi na Mashariki, haifiki milimita tatu. Vilele vyake virefu, vinavyopita mita 2,200, vingeinuka sehemu moja ya ishirini ya milimita, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Mtoto aliyepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona na makorongo, anaambiwa mlima wake hauonekani. Ni haki yake basi kuambiwa pia kwamba watu wa milima hii na wa pwani yake wamo katika kazi ya kuichora ramani ya Afrika.

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi, akapokelewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai. Alirudi tena mwaka 1852. Mwenzake, Jakob Erhardt, alikaa Tanga mwaka 1854, akawa anawauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliopita njia za kaskazini, waliopita njia za kati na waliotokea upande wa Kilwa walimweleza jambo moja: safari huishia penye maji makubwa. Erhardt akayaunganisha maji hayo yote yakawa bahari moja ya ndani, ndefu, iliyojipinda kama konokono asiye na gamba.

Ramani hiyo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1855, ikafika London na kuzusha ubishi mkubwa miongoni mwa wanajiografia. Ubishi huo ulichangia kutumwa kwa Richard Burton na John Speke. Februari 1857, kabla ya kuingia bara, wao nao walipanda Vuga kumwona Kimweri, ambaye wakati huo alikuwa mzee. Mwaka uliofuata walifika Ziwa Tanganyika, na Agosti 1858 Speke peke yake akaliona ziwa aliloliita Victoria. Mwaka 1859 David Livingstone akafika Ziwa Nyasa. Bahari moja ikawa maziwa matatu.

Wapo wanaoicheka ramani ya Erhardt. Mimi hufikiri zaidi juu ya wale wasafiri wa Tanga. Kila mmoja alisema kweli kuhusu mwisho wa njia yake, na wala hawakusema kuwa maji yao ni mamoja. Aliyeyaunganisha ni mwenye kalamu.

Ramani zilizofuata zilikuwa sahihi zaidi, na kwa Wasambaa zilikuwa na gharama. Mwaka 1890 Oscar Baumann, Mwaustria, aliizunguka Usambara akipima kwa ajili ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kitabu chake kikatoka mwaka 1891. Baada ya hapo yakaja mashamba ya walowezi na misitu ya hifadhi, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, na mwaka 1905 reli kutoka Tanga ikafika Mombo. Sehemu za watu kulima zikapungua.

Sasa swali la pili. Chini maana yake ni kuelekea kwenye kitovu cha dunia, popote ulipo. Ukilitoboa tufe kutoka Lushoto kupitia kitovuni, utatokea katikati ya Bahari ya Pasifiki, na maji ya huko hayamwagiki kwa sababu nayo huvutwa kitovuni kama sisi. Mtoto wa Usambara anaifahamu nguvu hiyo ya uvutano hata kabla ya kujua jina lake. Ameona jiwe likirushwa kutoka ukingoni mwa Irente, na ameona udongo wa shamba lao ukiteremka na maji ya masika kuelekea bondeni.

Waingereza nao waliuona udongo huo ukienda. Kwa kuwa maji huvutwa kutoka juu kwenda chini, tuta lililochimbwa kufuata mstari wa kontua, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, huyazuia yasikimbie. Fizikia yake ni sahihi kabisa. Kuanzia mwaka 1946 mpango wa matuta ulianza Mlalo, kisha ukaenezwa. Watu walilazimishwa kuchimba, asiyechimba akatozwa faini, na mzigo mkubwa ukawaangukia akina mama. Kwa watu waliokwisha kuona ramani ikitangulia na ardhi ikifuata kuchukuliwa, haikuwa rahisi kuamini kwamba mistari hii mipya ni kwa faida yao. Upinzani ukakua katika miaka ya 1950, ukaongezea TANU nguvu, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Udongo ukaendelea kuteremka, na kila kizazi tangu hapo kimelazimika kuuhangaikia upya.

Kwa hiyo ningependa somo hili lianzie nje ya darasa. Watoto wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, waoneshe kila kijito na kinakoelekea, na wawaulize wazee majina ya vijito hivyo na ya vilima. Wawili wakileta habari zinazotofautiana, mwalimu asiharakishe kuziunganisha. Awapeleke wote wakatazame. Wakishajua maji ya kijijini kwao yanateremkia wapi, na kwa nini, hapo tufe la dunia liletwe mezani.