Pambizo Mbili za Mwambao wa Rumonge

Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliopanda kaskazini kutoka Ujiji na kuweka makazi Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, katika karne ya 19 walikuja na desturi ya kuandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo mstari wake huanzia kulia, na kwa hiyo ukingo wa kulia ndio unaonyooka. Mwandishi aliyetaka ukingo wa kushoto unyooke pia aliweza kurefusha kiungo kati ya herufi mbili, mbinu iitwayo kashida, na karatasi ilipomwishia, mara nyingi aliigeuza akajaza pambizo, yaani sehemu tupu ya ukingoni.

Wajerumani, waliojenga boma Usumbura (Bujumbura ya leo) mwaka 1897, na Wabelgiji walioiteka nchi mwaka 1916, walileta ofisini herufi za Kilatini, mstari unaoanzia kushoto, na taipureta. Mashine hiyo iliipa kila herufi upana uleule, ukingo wa kulia ukabaki umechongoka, na kuweka kichwa katikati kukawa hesabu kamili: karani alikipeleka kigari katikati ya karatasi, akakirudisha hatua moja kwa kila herufi mbili, hivyo kichwa cha herufi 20 kikadai hatua 10, ndipo akapiga. Alipotaka kusisitiza neno, alirudi nyuma na kulipigia mstari.

Programu za kuandikia, kama WordStar ya mwaka 1978 na Microsoft Word ya mwaka 1983, zilimwondolea karani hesabu hizo. Word yenye menyu za Kifaransa, lugha ya ofisi nyingi za Burundi, hukoza herufi kwa Ctrl na G, ilhali ile ya Kiingereza hutumia B. Ni tofauti ndogo, lakini inamsumbua anayehamia kutoka Kigoma, Tanzania, akiwa amezoea ile ya Kiingereza. Amri ya kunyoosha kingo zote mbili hutanua nafasi kati ya maneno ya Kilatini, na kwa Kiarabu inaweza kurefusha viungo, yaani kashida ileile ya kalamu.

Kinachokosewa zaidi ni kudhani kwamba kitufe cha kupanga kulia kinatosha kwa tangazo la madrasa la Kiarabu, kumbe kitufe hicho husogeza mistari tu, wala hakigeuzi mwelekeo wa maandishi, na matokeo yake nukta ya mwisho huweza kuangukia upande usio wake. Anayechapa Kiarabu na achague kwanza mwelekeo wa kulia kwenda kushoto, kisha apange kingo.