Nani Alijaribiwa Kwanza?

Kabla ya ganzi kulikuwa na ngoma. Wazee wetu wa Kindengereko wakisimulia jando la zamani hawaanzi na kisu cha ngariba, wanaanza na ngoma na nyimbo. Zilipandishwa juu makusudi, ili mtoto akilia mama yake asisikie. Na mtoto mwenyewe alikwishafundwa kwamba mwanamume halii. Ukimuuliza mzee leo kama iliuma, atacheka tu, kisha atakutuma maji ya kunywa.

Ndugu msomaji, habari hii imezaliwa kijiweni kwetu, Kibiti. Mshikaji wetu mmoja anangojea kupasuliwa busha. Katika kupiga soga akasema siku wakija watafiti wa dawa za kutuliza maumivu ya upasuaji, yeye ataweka dole gumba mchana kweupe. Kijiwe kikalipuka. Eti anataka kuwa panya wa wazungu! Eti damu yake itauzwa! Mimi nimeishia kidato cha nne na nahangaika na riwaya yangu ya kwanza, udaktari sina. Lakini swali likanikaa: hizi dawa tunazodungwa kila siku bila kuuliza, nani alijaribiwa kwanza?

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha Edward Gilbert Abbott mvuke wa etha, na Dakta John Collins Warren akampasua uvimbe shingoni. Kabla ya hapo sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono, na ilibidi wawepo wanaume wenye nguvu wa kumkandamiza mgonjwa. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna akaonyesha kwamba kokeini inatia ganzi jicho. Alijitia mwenyewe kabla ya kuwatia wagonjwa. Anayenifurahisha zaidi ni Mjerumani August Bier. Mwaka 1898 yeye na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana sindano ya uti wa mgongo. Ganzi ilipomshika Hildebrandt, Bier akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi, akamchoma na sigara. Jamaa kimya. Kesho yake wote wawili hoi, vichwa vinawagonga! Ndiyo sindano ya mgongoni wanayodungwa dada zetu leo wakijifungua kwa kupasuliwa.

Hao angalau walianza na miili yao. Wapo walioanza na ya wenzao.

Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Nobel, alipiga kambi visiwa vya Ssese, Uganda, akitafuta dawa ya malale. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, akawa anaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka. Fomu ya ridhaa? Wapi! Na miaka hiyohiyo, hapahapa Rufiji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro, Agosti 1905. Simdhihaki, alikuwa na sababu ambazo Koch hakuwa nazo. Ila dawa yake nayo ilikuja kupimwa juu ya miili ya watu, mbele ya bunduki za rashasha.

Sasa tazama ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika hospitali za Afrika kwa kuwa mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na presha yake haishuki ovyo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962. Juni 1964 madaktari wa dunia walikutana Helsinki wakatangaza kanuni za utafiti: mtu aelezwe, akubali kwa hiari, aweze kujitoa. Agosti mwaka huohuo 1964 ketamini ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Nani? Wafungwa wa gereza la Jackson, Michigan. Walijitolea, ndivyo ilivyoandikwa. Mimi bado najiuliza mfungwa hujitolea vipi.

Dawa hiyohiyo ikafika Kenya. Kuanzia mwaka 2013 hospitali ambazo hazikuwa na mtaalamu wa usingizi zilianza kufuatilia wagonjwa waliopasuliwa kwa ketamini, ikitolewa na wahudumu waliopewa mafunzo mafupi. Mwaka 2018 ilichapishwa hesabu ya upasuaji 1,216. Mtu anaweza kusema dawa ya mkato ya maskini. Lakini mwingine atauliza: bila hiyo, mama anayetoka damu usiku angepewa nini? Ngoma?

Kwetu utafiti si mgeni. Tangu 1998 watu wa takwimu waliokuwa na kituo Ikwiriri walizunguka nyumba kwa nyumba Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo, wakiandika nani kazaliwa na nani kafa. Baadaye vijiji 101 vya Rufiji, Kilombero na Ulanga viliingizwa kwenye jaribio la wahudumu wa afya wa vijijini, na ni kura iliyoamua kijiji kipi kipate. Hofu ya mumiani haikufa kwa hayo, na siwalaumu wanaoibeba. Wazee wao waliwahi kutolewa damu na watu wasioeleza neno.

Tena utafiti wa maumivu una mtego wake. Maumivu hayana mzani. Mgonjwa huulizwa tu: kuanzia 0 mpaka 10, inauma kiasi gani? Sasa mpe swali hilo mwanamume aliyelelewa kwa jando letu. Kisu kimezama, jasho linamtoka, atajibu sifuri! Karatasi itaandika dawa imefanya kazi, na dawa hiyo itakuja kupewa mtoto wa dada yake.

Nilimwandikia mshikaji maswali kwenye kipande cha daftari. Kibali cha NIMR kiko wapi, na cha TMDA kama dawa ni mpya? Kura ikiniangukia kundi la maji ya chumvi, nitapewa ganzi gani ya kawaida? Nikisema basi katikati, nitaendelea kutibiwa? Nikidhurika, nani analipa? Nakala yangu ya fomu, ya Kiswahili, iko wapi?

Mwaka 2024 kanuni za Helsinki zilirekebishwa, na neno lililomtaja mtu kama kitu cha kufanyiwa utafiti likaondolewa; sasa anaitwa mshiriki. Mshikaji aliposikia hivyo aliuliza kama mshiriki anaruhusiwa kuuliza swali la sita. Alitaka kujua kama na daktari mwenyewe amewahi kudungwa hiyo dawa.