Nyumba ya Mwenye Deni: Nunua kwa Utaratibu

Watu hapa Mombasa huniuliza: fulani amelemewa na mkopo, auza nyumba kabla haijapigwa mnada, ninunue? Mimi hujibu: nunua, lakini pesa usimpe mkononi.

Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa mwenye deni ilani ya miezi 3, kisha ilani ya siku 40 kabla benki haijauza. Dalali naye humpa siku 45. Katika muda huo, benki ikiridhia, mwenyewe aweza kuuza.

Kwanza, fanya sachi ofisi ya ardhi ujue nani anadai. Pili, pata barua ya benki yenye kiasi cha deni. Tatu, wakili wako ailipe benki moja kwa moja, nayo iahidi kwa maandishi kuondoa rehani na kutoa hati. Kinachosalia ndicho cha muuzaji. Nne, mke au mumewe atie sahihi ya kukubali.

Na bei iwe ya haki. Hata benki ikiuza kwa robo au zaidi chini ya bei ya soko, sheria huichukulia imekosa mpaka ijitetee. Sisi majirani je?