Mgeni Katika Mji wa Bombay

Mwenye karatasi ya somo na aifungue, afuate maneno kwa kidole huku akisikiliza. Asiyeweza bado kusoma yote asione haya. Asikilize kwanza, kisha mwalimu wake atamrudishia.

Leo tunakwenda Bara Hindi, katika mji ulioitwa Bombay mpaka mwaka 1995, na ambao sasa unaitwa Mumbai. Hatutakaa sana na habari za wafalme. Tutatazama mambo matatu ambayo kila mgeni huyaona upesi: gari la moshi, chumba cha kulala, na chakula cha mchana. Kwa kila jambo tutauliza: Lilianzaje?

1. Gari la moshi

Tuseme umefika Mumbai asubuhi. Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni wingi wa watu. Walipohesabiwa mwaka 2011 walizidi milioni 12. Stesheni imejaa. Gari linaingia, na kabla halijasimama vijana wamekwisha kulirukia. Wengine wananing'inia mlangoni. Jambo hilo ni la hatari, na kila mwaka wako wengi wanaokufa relini.

Utasema, "Mji huu hauna utaratibu." Lakini ngoja, tazama vizuri. Aliye ndani anamnyoshea mkono aliye nje ili ampandishe. Watu watatu wamekaa kitini. Wanasogea kidogo, wa nne apate kukalia ukingo. Wanawake nao wana mabehewa yao wenyewe. Basi utaratibu uko, ila mgeni haujui.

Kwa nini watu wabanane hivyo? Zamani mahali hapa palikuwa visiwa saba. Mwaka 1661 Wareno walikubali kumpa mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, kisiwa cha Bombay, kwa sababu alimwoa binti wa mfalme wao. Baadaye maji yaliyotenga visiwa yakajazwa mawe na udongo, visiwa vikawa nchi moja, nyembamba na ndefu. Bandari na ofisi zilikuwa kusini. Mji ulipokua haukuwa na njia ila kwenda kaskazini. Gari la moshi la kwanza la abiria katika Bara Hindi lilitoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853, mwendo wa kilomita 34 hivi. Mpaka leo watu wengi hulala kaskazini na kufanya kazi kusini.

2. Chumba kimoja

Sasa jioni imefika, nawe unataka pa kulala. Katika sehemu za zamani za mji utaona nyumba za ghorofa zenye baraza ndefu, na vyumba vimepangwa mstari mmoja. Nyumba hizo huitwa chawl. Jamaa nzima hukaa katika chumba kimoja. Bomba la maji na choo ni vya watu wote, na nguo huanikwa barazani.

Nyumba nyingi za namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Kiwanda cha kwanza cha kusokota nyuzi kilianza kazi mwaka 1856. Vita vya Marekani vya 1861 mpaka 1865 vilizuia pamba ya huko isifike Uingereza. Basi pamba ya Bara Hindi ikapanda bei, na matajiri wa Bombay wakapata fedha nyingi. Viwanda viliendelea kuongezeka. Nguo za Bombay zilifika hata Zanzibar na Mombasa, zikashindana na merikani iliyotoka Marekani.

Wakulima waliacha mashamba wakaja kufanya kazi. Wanaume wa kijiji kimoja walikodi chumba pamoja. Huyu akirudi kazini asubuhi hulala. Mwenzake amekwisha kuondoka.

Lakini msongamano ulileta msiba. Mwaka 1896 tauni iliingia karibu na bandari. Watu wengi sana walikufa, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia vijijini. Serikali ilituma watu kupekua nyumba na kuwachukua wagonjwa kwa nguvu, hata wenyeji wakaogopa wapekuzi kama walivyoogopa ugonjwa. Mwanasayansi mmoja, Waldemar Haffkine, alitengeneza dawa ya kuchanja huko huko Bombay, akajichanja mwenyewe kwanza, Januari 1897. Mwaka 1898 serikali iliunda idara ya kubomoa vichochoro na kufungua barabara, ili hewa na mwanga vipite.

3. Chakula cha mchana

Mwanamume aliyeacha mke kijijini atapikiwa na nani? Wanawake wa mjini walifungua milango yao, wakawapikia wafanyakazi kwa malipo ya mwezi. Mwaka 1975 wapishi hao waliunda chama chao, Annapurna Mahila Mandal, ili wapate mikopo bila kuwaendea wakopeshaji wa riba kubwa.

Na mwenye mke mjini, lakini kazi iko mbali? Hapo ndipo utakapomwona mtu mwenye kofia nyeupe, amejitwika ubao mrefu uliojaa vyombo vya bati. Huyu ni dabbawala, mchukuzi wa chakula. Kazi hii ilianza yapata mwaka 1890. Asubuhi huchukua chakula nyumbani, hukipeleka kwa gari la moshi, na mchana kinamfikia mwenyewe ofisini. Alasiri chombo kitupu hurudishwa.

Wanafunzi, sikilizeni hapa. Wengi wa wachukuzi hao wa zamani hawakujua kusoma. Walitumia alama za rangi. Siku hizi alama ni rangi, herufi na tarakimu: stesheni ya kutoka, stesheni ya kufikia, nyumba, na ghorofa. Chombo kimoja hupita mikono ya watu kadhaa, na ni mara chache sana kupotea. Watu hawa walijitungia maandishi yao wenyewe kwa sababu kazi iliwalazimu.

4. Viwanda vilipofungwa

Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda, wapata 250,000, waligoma wakitaka mishahara bora. Mgomo uliendelea zaidi ya mwaka, nao hawakushinda. Maelfu hawakurudishwa kazini. Viwanda vingi vikafungwa, na leo mahali pao pana maduka makubwa na nyumba za ghorofa nyingi. Aliyefuma nguo kwa miaka 20 aliona mlango umefungwa kwa kufuli, naye hana shamba tena kijijini.

Basi mkumbuke jambo hili. Mji wa Bombay ulikuzwa na wageni. Chakula, nafasi ya kukaa, na chumba cha kulala, walivipata kwa kusaidiana kabla mtu mwingine hajawawekea mpango. Mali waliyoitengeneza ilikaa mjini, lakini wengi wao waliondoka mikono mitupu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mji ulikua kuelekea kaskazini?
2. Kwa nini watu waliwaogopa wapekuzi wakati wa tauni? Serikali ingefanyaje?
3. Andika alama tatu ambazo ungetia kwenye chombo chako ili kifike nyumbani kwako.
4. Mji una deni gani kwa watu walioujenga?