Kadi ya Mwisho

Tarehe 6 Mei 1949, katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta ya EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Maurice Wilkes na wenzake waliilisha utepe wa karatasi wenye matundu, nayo ikachapa jedwali la namba kuanzia 0 hadi 99, kila moja imezidishwa yenyewe kwa yenyewe. Daftari la maabara lilibaki na kumbukumbu ya muda uliotumika: dakika 2 na sekunde 35.

Mwanafunzi anayeanza kujifunza programu leo hupewa kazi kama ile ndani ya majuma machache ya mwanzo. Ni mzunguko: fanya jambo, ongeza moja, rudia. Mwisho wake unajulikana kabla ya kuanza, kwa kuwa 99 imo ndani ya programu yenyewe. Ugumu huja katika somo linalofuata, pale mwalimu anapompa faili la alama za mtihani na kumwambia asome mstari mmoja mmoja, atafute wastani, kisha aandike jibu kwenye faili jingine. Mistari ni mingapi? Haijasemwa. Hapo ndipo wanagenzi hujikwaa, na hawakuanza kujikwaa jana. Kurudia si shida kubwa. Shida ni kutambua kwamba vya kusomwa vimekwisha.

Kadi zenye matundu ni kongwe kuliko kompyuta. Joseph Marie Jacquard alizitumia Lyon, Ufaransa, mwaka 1804 kuongoza mitambo ya kufuma hariri. Charles Babbage aliazima wazo hilo kwa mashine yake ya kukokotoa ambayo haikuwahi kukamilika, na mwaka 1843 Ada Lovelace akaeleza jinsi kundi la kadi linavyoweza kurudishwa nyuma na kupitishwa tena. Katika jedwali lake la kukokotoa namba za Bernoulli, kuna hatua zinazorudiwa kama ambavyo mwanafunzi wa leo angeziweka ndani ya mzunguko. Lakini kadi za Lovelace zilibeba maagizo. Kadi zilizobeba habari za watu zilikuja baadaye, na zilitoka kwenye sensa.

Marekani ilihesabu watu zaidi ya milioni 62 mwaka 1890, na Herman Hollerith ndiye aliyebuni mashine za kujumlisha hesabu hiyo. Kila mtu alikuwa na kadi yake. Karani aliiweka kwenye kibanio na kuvuta mpini. Sindano zikashuka, na zilizokuta tundu zikapenya hadi kwenye vikombe vidogo vya zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa husika ukasogea hatua moja. Karani akaitoa kadi ile, akachukua nyingine. Mzunguko ulikuwa mkono wa karani. Hakuna aliyehitaji kumwambia amefika mwisho, kwa sababu aliona mwenyewe kwamba rundo la kadi limeisha.

Kompyuta haina macho ya karani. Ilipofika miaka ya 1950, kadi za IBM zenye safu 80, zilizoanza kutumika mwaka 1928, zikawa zinasomwa na mashine moja kwa moja, na mtu fulani alilazimika kuifundisha mashine ishara ya kwamba rundo limekwisha. Grace Hopper na kundi lake, walipotengeneza lugha ya FLOW-MATIC kwa ajili ya kompyuta za UNIVAC, waliweka ndani yake sharti la kuuliza kama habari zimekwisha. COBOL, iliyofuata mwaka 1960, ikalifunga swali hilo kwenye agizo la kusoma lenyewe: soma, na ukifika mwisho fanya hivi. Wenye mishahara, stoo na hesabu za benki walihitaji hivyo, maana kazi yao yote ni kupita kwenye mafungu ya kumbukumbu hadi ya mwisho.

Wanafunzi wa FORTRAN, lugha iliyotolewa mwaka 1957 na John Backus na timu yake, walikuwa na agizo zuri la kurudia lililoitwa DO. Lilikuwa agizo la kuhesabu, kwa hiyo lilidai kujua idadi. Wengi wao walifundishwa njia mbili za kupita hapo. Ya kwanza ni kuanza rundo kwa kadi yenye idadi ya kadi zinazofuata, jambo lililowalazimu kuhesabu kwa mkono kile walichoiletea kompyuta ikihesabu. Ya pili ni kuweka mwishoni kadi ya mlinzi, yenye namba ambayo haiwezi kuwa jibu halali, kama 99999. Programu ikikutana na namba hiyo, inaacha kusoma. Ujanja huu ni mzuri, ila una mtego: anayejumlisha kwanza na kuuliza baadaye huiingiza namba ya mlinzi ndani ya jumla, na wastani wa alama za darasa ukaruka hadi maelfu.

Dartmouth, Marekani, tarehe 1 Mei 1964 saa kumi alfajiri, programu za kwanza za BASIC, lugha ya John Kemeny na Thomas Kurtz, ziliendeshwa. Lugha hiyo ilikusudiwa wanafunzi wa masomo yote, hata wale wasiopenda hesabu. Ilikuwa na aina 15 tu za maagizo, miongoni mwao FOR na NEXT za mzunguko, na READ na DATA za kusoma. Faili halikuwepo. Namba za kusomwa ziliandikwa ndani ya programu yenyewe, kwenye mistari ya DATA. Mfano wa kwanza katika kitabu chao cha mwongozo ulitatua milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, kisha ukarudi juu kusoma namba zaidi, ukarudi tena, bila kuuliza chochote. Namba zilipokwisha, kompyuta ilitoa taarifa kwamba hakuna tena cha kusoma na programu ikasimama. Kemeny na Kurtz waliuhesabu huo kuwa mwisho wa kawaida, na kwa mtu anayeanza ulikuwa uamuzi wa huruma: swali gumu kuliko yote liliondolewa mezani.

Walioliweka mezani tena walikuwa na sababu njema. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekwenda Cambridge mwaka 1951 kuhudhuria kozi ya kuandika programu, aliandika mwaka 1968 barua maarufu ya kupinga agizo la GO TO, linaloruhusu programu kuruka popote. Niklaus Wirth alipotoa lugha ya Pascal mwaka 1970, mizunguko ilikuwa na mlango unaojulikana: WHILE huuliza juu kabla ya kuingia, REPEAT huuliza chini kabla ya kutoka. Miundo hiyo ndiyo ambayo wanafunzi wa sekondari nchini Kenya wanaosoma somo la kompyuta bado huichora kwa chati mtiririko, pamoja na FOR.

Usafi huo ulikuwa na gharama yake. Ukitaka kusoma namba hadi umkute mlinzi 99999 kwa WHILE, lazima usome namba ya kwanza nje ya mzunguko, kisha usome inayofuata chini kabisa ya mzunguko, baada ya kuishughulikia ile iliyotangulia. Kusoma kunaandikwa mara mbili, na kila anayeisoma programu hiyo mara ya kwanza hushangaa. Mwaka 1983 Elliot Soloway, Jeffrey Bonar na Kate Ehrlich wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa zoezi hilo hilo la wastani. Waliwapa baadhi ya wanafunzi Pascal ya kawaida, wengine wakapewa Pascal iliyoongezewa mzunguko wa kutokea katikati: soma, uliza, kama umekwisha toka, kama sivyo endelea. Waliopewa mlango wa katikati walipatia zaidi. Matokeo haya yana uzito, maana yanaonyesha kwamba kosa la mwanafunzi mara nyingi halitokani na uzembe. Mtu hufikiri kwa mpangilio wa kusoma kisha kutenda, na lugha ikimlazimisha kupindua mpangilio huo, hukosea.

Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ililichukulia faili kama mfululizo wa baiti tu, bila safu wala kadi. Brian Kernighan na Ritchie walipochapisha kitabu chao cha lugha ya C mwaka 1978, sura ya kwanza ilimpitisha msomaji kwenye jedwali la kubadili nyuzi za Fahrenheit kuwa Celsius, kisha ikampeleka kwenye kunakili maandishi, kuhesabu herufi, mistari, na mwishowe maneno. Mtaala wa mizunguko na faili unaofundishwa hadi leo uko pale karibu wote.

Sura hiyo pia ina jambo dogo ambalo limewatesa wengi. Agizo la C la kusoma herufi moja hurudisha namba kamili, si herufi, kwa sababu lazima ipatikane thamani moja ya kuonyesha mwisho ambayo haifanani na herufi yoyote. Kwa kawaida ni -1. Mwanafunzi akiihifadhi kwenye kisanduku cha herufi, kwenye mashine nyingine programu yake haitasimama kamwe, na kwenye nyingine itasimama mapema ikikutana na baiti ya 255 katikati ya faili. Mfumo wa CP/M nao uliandika ukubwa wa mafaili kwa mafungu ya baiti 128, hivyo mwisho halisi wa maandishi ukawekewa alama ya Control-Z: kadi ya mlinzi tena, bila karatasi.

Waliohama kutoka Pascal kwenda C walikutana na mtego mbaya zaidi. Pascal ikiulizwa kama faili limefika mwisho, hutazama mbele na kujibu kabla hujasoma. C hujibu ndiyo baada tu ya jaribio la kusoma kushindikana. Anayeandika mzunguko wa C kwa mazoea ya Pascal huushughulikia mstari wa mwisho mara mbili. Jina la mtu wa mwisho kwenye orodha linachapwa tena, na mwanafunzi hulitafuta kosa kwenye faili lisilo na kosa.

Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka 1991, ililificha swali hilo polepole. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, mtu huandika FOR moja kwa moja juu ya faili na kupata mstari baada ya mstari. Mistari ikiisha, ishara hutolewa ndani kwa ndani na mzunguko unafunga wenyewe. Upande wa kuandika ulisubiri hadi toleo la 2.5 la mwaka 2006, lilipokuja agizo la WITH linalofunga faili bila kukumbushwa. Kabla ya hapo wanagenzi wengi walifungua faili la matokeo wakalikuta tupu, kwa kuwa maneno yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda yakingoja faili lifungwe.

Lakini mwanafunzi huyo huyo akiacha faili na kuanza kupokea alama kutoka kwa mtu aliyeketi kwenye kibodi, FOR haimsaidii tena. Huanzisha mzunguko usio na mwisho, anauliza alama, anatazama kama ameandikiwa neno “basi”, na kama ndivyo anatoka katikati, kabla ya kujumlisha.