Jaji, Mtawala na Kamba ya Mnyongaji

Sheria ya Kiingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Uingereza, iliweka milango miwili ya kumzuia mnyongaji. Mlango wa kwanza ni wa jaji. Yeye husimamisha utekelezaji wa hukumu mpaka rufani isikilizwe, kwani mtu akishanyongwa rufani yake haina tena maana. Mlango wa pili ni wa mtawala. Yeye, baada ya mahakama kumaliza kazi yake, huweza kuahirisha adhabu, kuipunguza au kuifuta kwa huruma. Jaji huuliza kama sheria imefuatwa. Mtawala huuliza kama yafaa sheria hiyo ifikishwe mwisho wake. Milango hiyo ilitenganishwa ili mmoja ukifungwa, mwingine ubaki wazi.

Je, huwaje milango yote miwili ikifungwa na mkono mmoja? Historia ya Zimbabwe inatupa jibu.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila ya ridhaa ya Uingereza wala ya Waafrika walio wengi. Magerezani walikuwamo watu waliokwisha kuhukumiwa kifo. Watatu kati yao walikuwa James Dhlamini, Victor Mlambo na Duly Shadreck, waliotiwa hatiani kwa mauaji. Dhlamini na Mlambo walihukumiwa kwa kumwua Mzungu mmoja mwaka 1964, katika shambulio la wapigania uhuru.

Mwanzoni mwa Machi 1968 siku yao ilikaribia. Mawakili walibisha mlango wa kwanza: waliiomba mahakama ya rufani ya Salisbury, mji uitwao leo Harare, iwape nafasi ya kupeleka shauri London, mbele ya baraza la Malkia la rufani. Mahakama ilikataa. Ndipo mlango wa pili ukafunguka: tarehe 2 Machi, Malkia Elizabeth wa Pili, kwa ushauri wa serikali ya Uingereza, aliwabadilishia adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tarehe 4 Machi mahakama hiyo hiyo, chini ya Jaji Mkuu Sir Hugh Beadle, ilikataa kuutambua msamaha huo. Tarehe 6 Machi wote watatu walinyongwa.

Tuangalie vema jambo hili. Majaji hawakukosa uwezo wa kungoja. Walikosa ujasiri wa kuutumia mbele ya wenye nguvu. Wala watawala wa Salisbury hawakukosa nafasi ya kuhurumia. Walitaka kuonyesha nani mwenye nchi. Hivyo roho za watu watatu zikawa ushahidi katika ugomvi wa mamlaka. Jaji mmoja, John Fieldsend, alijiuzulu mwezi huo huo. Julai 1968 baraza la rufani la London, katika shauri jingine, liliamua kwamba utawala wa Smith haukuwa halali. Uamuzi huo haukuweza kumfufua mtu.

Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, Fieldsend ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wake wa kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2024 nchi hiyo iliifuta adhabu ya kifo katika sheria zake.

Hapa kwetu Tanzania, Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 45, imempa Rais uwezo wa kusamehe, wa kuahirisha adhabu na wa kuibadilisha. Mahakama nazo zimebaki na rufani. Mwanafunzi anayeisoma ibara hiyo asidhani kwamba maneno yake yatosha kumlinda mtu. Milango hailindi nyumba peke yake. Huhitaji bawabu mwaminifu. Kosa la mahakama katika shauri la shamba laweza kurekebishwa kesho. Kosa la kamba halina kesho.